Chetezo cha sungura watatu: shajara ya mwongozo wa Kiswahili kwa makumbusho ya Korea

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Leo nimeanza rasmi. Wiki iliyopita niliwapeleka wageni wanne kutoka nyumbani kwenye Makumbusho ya Taifa ya Korea, hapa Seoul, mtaa wa Yongsan. Walikuwa na siku moja ya mapumziko katika mafunzo yao, wakaniomba niwatembeze. Tulipofika ghorofa ya tatu, kwenye vyombo vya kijani vya enzi ya Goryeo, ufalme wa Korea wa karne ya 10 hadi ya 14, wale wageni walipita kama watu wanaowahi basi. Dakika tatu, tumeshatoka. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mazuri, dada, lakini bakuli ni bakuli."

Sikuweza kumlaumu. Maelezo ya ukutani ni ya Kikorea na Kiingereza, na mimi nilikuwa nikitafsiri kwa kubabaisha: hii ni ya zamani sana, hii ya mfalme, hii wanaipenda. Vitu vilivyodumu miaka 900 vikanifia mdomoni. Usiku ule sikulala vizuri.

Kwa hiyo nimeamua: mwongozo wa sauti wa Kiswahili, vituo tisa, kila kituo dakika mbili hivi, faili za kusikiliza kwenye simu, bure kwa yeyote. Si kazi ya makumbusho, ni yetu watu watatu. Rafiki yangu wa Kisumu atahariri sauti. Kaka mmoja wa Bukavu atasikiliza kila kituo kwa sikio la Kongo. Mimi naandika na kusoma. Tumekubaliana sharti moja: jina la kitu likipatikana kwa mtu anayekitumia au anayekitengeneza nyumbani, ndilo tutakalotumia, hata kama kamusi ina jingine.

Jumatano, 24 Septemba

Jumatano na Jumamosi makumbusho hufunguliwa hadi saa tatu usiku, kwa hiyo nimekwenda baada ya kipindi cha mwisho chuoni. Kuingia kwenye maonyesho ya kudumu ni bure, na hilo limeniwezesha kurudi kila wiki bila kuhesabu nauli na kiingilio pamoja.

Jengo hili la Yongsan lilifunguliwa mwaka 2005 na ni kubwa mno. Nimezunguka na daftari nikikata majina. Mawe ya kale, nimeyaacha. Ukumbi wa sanaa za dunia, nimeuacha. Taji za dhahabu za Silla, ufalme wa kabla ya Goryeo, zilinivuta sana, lakini Silla nataka kuifuata kwao Gyeongju, ambako pia kuna kengele ya shaba ya mwaka 771 yenye uzito wa karibu tani 19. Hiyo itakuwa awamu nyingine.

Vilivyobaki: mnara wa marumaru wa ghorofa ya chini, bodhisattva wawili (sanamu za watakatifu wa Kibudha), vitabu vya sherehe za kifalme, mchoro wa chui milia na kunguru mweupe-mweusi wa aina ya huku, na vituo vitano vya kauri. Rafiki wa Kisumu ameuliza kwa nini kauri zichukue zaidi ya nusu. Nimemjibu kwamba hapo ndipo wageni wangu walipopita kwa dakika tatu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekaa mbele ya kabati moja la kioo dakika hamsini.

Kibao kilisema kwa Kiingereza kitu kama "kichomea uvumba". Nilikwishaandika hivyo hivyo kwenye daftari, kisha nikainua macho na kukitazama chenyewe, nikacheka kwa furaha peke yangu. Ni chetezo! Chetezo kama kile cha bibi yangu Tanga, kinachozungushwa kwenye nguo za bi harusi. Cha bibi ni cha udongo mwekundu na mdomo wake umeungua. Hiki ni cha karne ya 12, kijani kama maji ya kina kifupi mchana wa jua, lakini kazi ni ileile: makaa chini, harufu juu.

Kina sehemu tatu. Chini kuna sahani, na sahani imebebwa mgongoni na sungura watatu wadogo, wamechuchumaa, masikio yamelala nyuma. Ukiinama usawa wa kabati utaona macho yao: nukta nyeusi, moja moja, zilizowekwa kwa rangi ya chuma kabla ya kuchomwa. Katikati kuna kikombe cha kutilia makaa, kimefunikwa na majani ya yungiyungi yaliyobandikwa jani moja baada ya jingine. Juu kuna kifuniko cha duara kilichotobolewa mviringo juu ya mviringo, moshi upite, na pale miviringo inapokutana pametiwa kinukta cheupe. Kitu chote hakizidi sana sentimita 15 kwa urefu. Kingekaa kwenye kiganja.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba fundi hakuwafanya sungura wateseke. Hawajakunja uso chini ya mzigo. Wamekaa tu, wametulia, kama watoto walioambiwa washike sahani na wanajua mzigo si mzito. Na sisi tuliokua na hadithi za Sungura mjanja, tunaingia hapa tayari tukiwa na jambo la kusema juu yake.

Kituo cha 3 kimepata jina: Chetezo cha sungura watatu. Nimekiandika papo hapo, nimesimama, bila kufuta mstari.

Jumapili, 19 Oktoba

Kazi ngumu ya wiki ilikuwa neno sanggam. Ndiyo mbinu iliyowapa mafundi wa Goryeo sifa yao kubwa. Chombo kikiwa kimekauka nusu, fundi anachimba mchoro juu yake kwa kisu, korongo, mawingu, mierebi. Anajaza mifereji ile kwa udongo mwingine, mweupe au mwekundu wenye chuma. Anakwangua uliozidi, mchoro unabaki umelala sawa na uso wa chombo. Kinachomwa mara ya kwanza, kinapakwa maji ya kioo, kinachomwa tena. Ule udongo mweupe unabaki mweupe na ule mwekundu unatoka mweusi.

Nilikuwa nimeandika "mchoro wa kujaziwa". Ni sahihi, lakini baridi. Siku tatu nikihangaika, mpaka nikakumbuka viti vya enzi vya Lamu, vya mpingo wenye vipande vya pembe vilivyopachikwa. Neno la kazi ile tunalo miaka yote: njumu. Kutia njumu. Sanggam ni kutia njumu kwenye udongo badala ya mti. Basi.

Ila nilitaka nijue kama mtu anayefinyanga angelikubali. Shangazi yangu wa Upareni amefinyanga vyungu na mitungi tangu usichana wake. Nikampigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Baridi imeanza huko?"

Tulipomaliza habari za nyumbani nikamweleza mbinu yote, hatua kwa hatua. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: "Hao walikuwa wanajua kitu. Udongo wa kujazia lazima uwe ndugu na ule wa chombo. Ukichukua mmoja mtoni na mwingine kwenye kichuguu, mmoja utanywea mapema, utamkimbia mwenzake, utabanduka kama gamba. Waulize walipataje udongo wa rangi mbili unaonywea pamoja."

Nimesoma kurasa nyingi za Kiingereza juu ya sanggam. Nyingi zinasifu uzuri wa korongo. Shangazi, ambaye hajaona hata picha, alikwenda moja kwa moja kwenye mahali ambapo kazi ingeweza kuharibika. Nimemwomba ruhusa ya kurekodi maneno yake. Amesema anataka kwanza aione picha.

Jumatano, 29 Oktoba

Marekebisho. Kwenye kituo cha 4 nilikuwa nimesema rangi ya kijani imetokana na rangi iliyopakwa. Si kweli. Mama mmoja Mkorea, mwongozaji wa kujitolea, alinisikia nikijisomea karibu na kabati, akaniuliza ninasema nini, nikamtafsiria. Akanisahihisha kwa subira kubwa. Ndani ya udongo na ndani ya maji ya kioo kuna chuma kidogo. Tanuri likipata moto mkali, zaidi ya nyuzi 1,200, kisha likanyimwa hewa, chuma kile kinageuka kijani chenye ubuluu. Hewa ikipenya, chombo kinatoka cha manjano au hudhurungi. Akanionyesha bakuli lenye upande mmoja wa njano, kwamba hapo hewa iliingia.

Mwaka 1123 mjumbe wa China, Xu Jing, alifika Goryeo na akaandika kwamba wenyeji wanaiita rangi hii bisaek. Nimeacha neno lenyewe kwenye sauti, kisha nikasema: rangi ya maji ya miamba, bamvua linapoanza kujaa. Wa bara watanisamehe. Kaka wa Bukavu amesema kwake ni Ziwa Kivu saa kumi na mbili asubuhi, na tumeongeza hilo pia.

Jumapili, 2 Novemba

Vituo viwili kwa siku moja, vyote vya vitu vilivyochukuliwa.

Mnara wa Gyeongcheonsa, marumaru, orofa kumi, urefu wa mita 13.5, mwaka 1348. Ulikuwa hekaluni karibu na Kaesong. Mwaka 1907 Tanaka Mitsuaki, waziri wa nyumba ya kifalme ya Japani, aliuvunja vipande na kuusafirisha Tokyo. Waandishi wawili wa kigeni, Ernest Bethell Mwingereza na Homer Hulbert Mmarekani, waliipigia kelele habari hiyo magazetini. Mnara ulirudi mwaka 1918, ukasimama miaka mingi uwanjani pa kasri la Gyeongbokgung ukiliwa na mvua, ukafunguliwa vipande vipande mwaka 1995 kwa matengenezo, na sasa uko ndani ya jengo. Hiki kituo kimejiandika chenyewe.

Kile cha vitabu vya uigwe kimenichosha kwa neno moja. Uigwe ni kumbukumbu za sherehe za ufalme wa Joseon, uliofuata baada ya Goryeo: harusi, mazishi, kutawazwa, kila mtu na nafasi yake katika msafara, kila kitambaa na gharama yake. Mwaka 1866 jeshi la Ufaransa lilivamia kisiwa cha Ganghwa, likachukua vitabu kwenye maktaba ya kifalme na kuichoma moto iliyobaki. Mtafiti Park Byeong-seon alivikuta Paris, kwenye maktaba ya taifa la Ufaransa, katika miaka ya 1970, na akavipigania. Juzuu 297 ziliwasili Seoul mwaka 2011.

Niliandika "zilirudishwa". Rafiki wa Kisumu akanizuia, na alikuwa na haki. Kwa karatasi, juzuu zile ni mkopo unaohuishwa kila miaka 5. Kwa hiyo sauti inasema: "Zimerudi Korea, lakini kwa mkopo." Msikilizaji wetu wa kwanza, kijana wa Lindi, aliposikia hapo alivua vipokea sauti na kuuliza, "Na yule dinosari wetu wa Tendaguru aliyeko Berlin?" Tukaongea nusu saa kwenye benchi la ukumbini. Swali lake halimo kwenye faili, lakini nimeacha ukimya wa sekunde nne baada ya neno mkopo.

Jumamosi, 8 Novemba

Taean. Nimeamka saa kumi alfajiri, basi mbili, mpaka pwani ya magharibi, upepo wa kukata masikio. Nilitaka kituo kimoja kisichokuwa cha Seoul, na nilikuwa na sababu: pweza.

Mwaka 2007 mvuvi wa hapa alikuwa akitega pweza wadogo wanaoitwa jukkumi. Mtego wao ni makombe matupu ya konokono wa baharini yaliyofungwa kwenye kamba ndefu na kuzamishwa. Pweza anaingia kombeni akidhani ni nyumba, kisha anavuta jiwe au gamba kuziba mlango. Siku ile pweza mmoja aliletwa juu akiwa ameziba mlango wake kwa sahani ya seladoni, ndiyo ile kauri ya kijani. Sahani nzima, ya kijani, ya Goryeo.

Mvuvi akatoa taarifa. Wapigambizi waliposhuka walikuta merikebu ya karne ya 12 imelala kwenye tope ikiwa na vyombo zaidi ya 20,000, vimepangwa bado kama siku vilipopakiwa: bakuli ndani ya bakuli, vijiti vya mti pembeni, majani makavu katikati, kamba juu. Palikuwa na vibao vya mti vilivyoandikwa kwa wino mzigo umetoka wapi na unakwenda kwa nani. Vilisema Tamjin, jina la zamani la Gangjin huko kusini kwenye matanuri makubwa, na mizigo ilikuwa ya watu wa mji mkuu, Gaegyeong. Mkondo wa bahari wa Taean ni mbaya, na merikebu nyingi zimezama hapa.

Nilisimama mbele ya rundo moja lililopangwa upya kama lilivyokutwa. Bakuli zimegandiana, kome wadogo wamejishika kwenye ukingo. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kitu pale. Anajua kombe, anajua mkondo, anajua pweza hufanya nini na mlango wake. Nimeirekodi rasimu ya kituo hiki nje, gatini, na tumeamua upepo ubaki kwenye sauti.

Jambo moja nimeliwekea alama nyekundu. Nyumbani tuna kijani hiki pia. Magofu ya Kilwa na Gedi yametoa vigae vya seladoni, na makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipambwa kwa bakuli za kauri zilizogandishwa kwenye chokaa. Lakini zile ni za China na nchi nyingine, si za Korea, na sitaki msikilizaji aondoke na uongo mtamu. Nimesema tu: ukiwahi kuziona zile, jicho lako limeshafundishwa kutazama hizi.

Kwa atakayeuliza kama Wakorea wa kale walitujua, nimeweka jibu hili kwenye kituo kilekile: mwaka 1402 maofisa wa Joseon walichora ramani ya dunia, Kangnido, na upande wake wa kushoto imo Afrika, imechongoka kusini, ina ziwa kubwa katikati. Hiyo ni kabla Mreno yeyote hajaizunguka ncha ile. Ramani ya awali imepotea, na nakala za kale ziko Japani.

Jumamosi, 22 Novemba

Chumba cha bodhisattva wawili, waliofunguliwa kwa watu katika chumba chao wenyewe mwaka 2021. Unapita ujia wa giza, kisha wako pale, shaba iliyopakwa dhahabu, wa karne ya 6 na ya 7, mguu mmoja juu ya goti, vidole vimegusa shavu.

Tuna jina la mkao huo: kushika tama. Na hapo ndipo tatizo. Kwetu ukishika tama mama mtu atakutoa mkono shavuni, atakuambia unaita msiba. Hawa wanatabasamu kwa mbali. Nimejaribu "wanatafakari", neno la mtihani. Nimejaribu "wamezama katika fikra", lingetoshea mtu yeyote. Nimerudi kwenye tama: "Ameshika tama, lakini tazama midomo yake." Mkao huu unahusishwa na mwana wa mfalme aliyekuwa akiwazia uzee, maradhi na kifo cha binadamu, basi msiba haujakosekana kabisa.

Sekunde 20 za sauti, zaidi ya hapo hakuna. Chumba kile hakitaki mtu anayesema sikioni.

Jumamosi, 6 Desemba

Jaribio kamili, wasikilizaji sita: Watanzania watatu, Mkenya mmoja, Mkongo mmoja, Mrundi mmoja. Saa moja na nusu.

Waliosimama muda mrefu zaidi walisimama kwenye mtungi wa mwezi. Ni kauri nyeupe tupu ya Joseon, ya karne ya 17 au 18, hauna ua wala mstari. Ulifinyangwa kama mabakuli mawili makubwa, likapinduliwa moja juu ya jingine, yakaunganishwa tumboni. Ndiyo maana hauwi duara kamili, na ukiutazama kwa ubavu unaona mshono umepita kama pindo la kanzu. Nilikuwa na wasiwasi kwamba weupe mtupu ungewachosha. Dada wa Kigoma aliuzunguka mara mbili, akarudi kuusikiliza upya.

Ya kurekebisha: ninasoma kwa kasi kituo cha 2. "Chetezo" hakikueleweka kwa Mkongo wala kwa Mrundi, kwa hiyo baada ya neno hilo tunaongeza "chombo cha kufukizia ubani", na neno linabaki. Mchoro wa chui milia ulishindwa, maelezo marefu kuliko picha, nimeukata nusu. Faili ya kituo cha 7 ilikwama kwenye simu mbili za zamani, tunaipunguza uzito.

Jumapili, 14 Desemba

Shangazi amepata picha, mjukuu wake amemwonyesha kwenye simu kubwa. Hakuanza na njumu wala korongo. Alitaka kumwona sungura kwa chini, alivyogandishwa kwenye sahani, kama fundi alikwaruza pande zote mbili kabla ya kubandika. Kabati haliruhusu pembe hiyo. Nimemwahidi kumtafuta yule mama wa kujitolea Jumatano na kumuuliza.

Kisha akakubali kurekodi. Alisoma mara moja tu, bila karatasi, kuku wakisikika nyuma yake. Kituo cha 4 kimefungwa: dakika 2 na sekunde 10. Mimi natamka jina la chombo na karne yake, na maelezo mengine yote ya udongo unaonywea pamoja ni kwa sauti ya shangazi.